Ukurasa Niliouruka

Saa saba na dakika arobaini mchana, siku ya Ijumaa, mwanzoni mwa mwaka 2012, mwanamke mmoja aliinua mkono akaniuliza kama watumishi wa nyumbani wa rais wa kwanza wa Marekani walikuwa wakimtoroka. Naikumbuka saa kwa sababu nilikuwa nimevua saa yangu ya mkononi na kuiweka juu ya daftari. Kila msemaji alipewa dakika thelathini, nami nilikuwa nimebakiza mbili.

Tulikuwa watu kumi na mmoja, Wakenya na Waganda, tumekaa juu ya maboksi yaliyokunjuliwa kwenye kivuli cha ukuta pale Mesaimeer, penye makanisa, pembezoni mwa Doha. Ibada yetu ilikuwa imekwisha na mabasi ya kambini yangekuja saa tisa. Muda huo wa katikati watu wengi waliutumia kula na kupiga simu nyumbani. Sisi tulikuwa na desturi yetu: kila Ijumaa mmoja wetu alisimulia maisha ya mtu mkubwa wa historia, wengine wakamuuliza maswali. Kikundi nilikianzisha mimi na kanuni zake niliziandika mimi. Kanuni ya nne ilisema kwamba swali ambalo msemaji hana jibu lake ataliandika daftarini, na jibu atalileta Ijumaa inayofuata. Niliipenda kuliko zote. Iliwapa madereva na walinzi ujasiri wa kuuliza, na ilimwondolea msemaji kishawishi cha kubuni.

Shule niliishia kidato cha pili. Nilifika Doha mwaka 2006 kama mlinzi wa lango la ghala, na katika zamu za saa kumi na mbili nilianza kusoma vitabu vilivyoachwa na familia za wageni waliokuwa wakihama. Nilisoma kwa utaratibu: kitabu kimoja, daftari moja, tarehe juu ya kila ukurasa. Kimojawapo kilihusu maisha ya rais huyo. Sitamtaja jina, aliyewahi kushika noti ya dola moja ameshamwona.

Nilimpenda kwa sababu ninazoweza kuzihesabu. Baba yake alifariki yeye akiwa na miaka kumi na mmoja, na hakuwahi kusoma chuo kikuu. Akiwa kijana alinakili kwa mkono wake kanuni zaidi ya mia moja za adabu. Alijifunza kupima ardhi, na kazi hiyo ikampa riziki yake ya kwanza. Aliweka daftari la mapato na matumizi maisha yake yote. Aliongoza jeshi miaka minane, na vita vilipokwisha, wakati ambapo angeweza kujifanya mfalme, alirudisha madaraka aliyokuwa amepewa akaenda shambani kwake. Alipokuwa rais alitawala mihula miwili akaondoka mwenyewe. Mimi nimezaliwa katika nchi ambayo niliimba kumsifu rais mmoja kuanzia nikiwa mtoto mpaka nikaota ndevu. Mtu aliyeondoka mwenyewe alinigusa mahali ambapo wenzangu wa umri wangu watapaelewa.

Kufikia mwaka huo sikuwa mlinzi tena. Mudiri wa kampuni, yaani meneja wetu, aliona mwandiko wangu kwenye kitabu cha lango akanipeleka ofisini kuwa karani. Kampuni ilifanya kazi za usafi na ukarabati. Katika ofisi yangu kulikuwa na kabati la chuma lenye droo nne, na ndani yake pasipoti za wafanyakazi wote, pamoja na za watumishi wa nyumbani wa jamaa za mwenye kampuni. Sheria ilikuwa imeshasema kwamba mfanyakazi akae na pasipoti yake. Nilikuwa nimeisoma sheria hiyo na nakala yake nilikuwa nayo, imetobolewa vizuri na kutiwa kwenye faili. Pasipoti nilizikuta zimerundikwa ovyo. Nilizipanga kwa nchi, kisha kwa herufi, kila moja katika mfuko wake wa plastiki. Nilijivunia kwamba niliweza kutoa yoyote kwa muda usiozidi nusu dakika.

Mwanamke aliyeuliza swali alikuwa mmoja wa watumishi hao. Alitoka upande wa Bungoma, na alifanya kazi Umm Salal, nje ya jiji, kwa dada wa mwenye kampuni. Ijumaa mbili kwa mwezi dereva wetu alimleta kanisani na kumrudisha. Alizoea kusikiliza akiwa ameinamisha kichwa, na kabla ya siku ile sikumbuki aliwahi kuuliza jambo.

Mazungumzo yalikuwa yamechangamka. Dereva mmoja wa teksi kutoka Thika, ambaye hakuniita jina lingine ila Profesa, alitaka kujua habari za meno ya rais, maana alisikia yalikuwa ya mbao. Nilimweleza kwamba hilo la mbao ni uongo. Yalikuwa ya pembe za wanyama, ya madini, na mengine ya binadamu.

“Binadamu gani huyo, Profesa, aliyeenda nyumbani kibogoyo?”

Watu walicheka, nami nikacheka nao. Nilijua kwamba daftari la shamba lake linaonyesha meno yaliyonunuliwa kutoka kwa watumwa, ingawa haijathibitika kama ndiyo yaliyoingia kinywani mwake. Nililipita. Nikawaeleza kwamba katika wosia wake aliagiza watumwa wake waachwe huru, na hapo nilikusudia kumalizia. Ndipo mkono ukainuliwa.

“Kaka, hao wa ndani ya nyumba. Kuna aliyewahi kumtoroka akiwa bado hai? Na alimfanya nini?”

Jibu nilikuwa nalo. Lilikuwa kwenye daftari lilelile nililoliwekea saa, kurasa chache nyuma. Wakati wa kuandaa maelezo nilikuwa nimeuruka ukurasa huo kwa makusudi, kwa sababu maisha ya mtu yule nilikuwa nimeyapanga yapande kidato kwa kidato mpaka kwenye wosia, na ukurasa ule ulivunja ngazi. Hiyo ndiyo sababu niliyojiambia wakati ule. Sababu ya pili ni kwamba wanne kati ya walionisikiliza walikuwa watumishi wa nyumbani, na ufunguo wa kabati ulikuwa mfukoni mwangu.

Nilisema swali ni zuri, nikanukuu kanuni ya nne, nikaliandika. Niliandika polepole, kwa mwandiko safi, swali ambalo nilikuwa na jibu lake.

Tulipoinuka mwanamke yule alinifuata pamoja na rafiki yake, Mganda aliyefanya kazi ya kufua katika hoteli na aliyepanga chumba mtaa wa Najma na wenzake. Yule wa Bungoma alinieleza shida yake kwa ufupi. Mkataba wake wa miaka miwili ulikuwa umekwisha wiki tatu zilizopita. Madam alimwambia asubiri hadi Ramadhani ipite, na Ramadhani mwaka ule ingeanza Julai. Yeye hakuweza kusubiri. Alikuwa na mtoto wa kike wa miaka sita, aliyelelewa na mdogo wake. Mdogo wake alikuwa anaolewa Pasaka na kuhamia kwa mumewe, na watu wa upande wa baba wa mtoto walikuwa wameshatuma ujumbe kwamba siku hiyo watakuja kumchukua. Mama mzazi akiwepo wasingeweza. Asipokuwepo, hakuna ambaye angewazuia.

Rafiki yake alikuwa na mpango tayari. “Leo uko nje ya nyumba. Usirudi. Lala kwangu Najma, Jumapili asubuhi twende ubalozi wenu.”

Nilipinga. Nilieleza kwamba akitoroka mwajiri atapiga ripoti, na aliyeripotiwa hukamatwa. Nilieleza kwamba hata akiwa na pasipoti hawezi kupita uwanja wa ndege bila khuruji, kibali cha kutoka anachotoa kafili, mwajiri aliyemdhamini. Yote hayo yalikuwa kweli. Lakini sikuishia hapo. Nilisema njia bora ni barua yenye heshima, yenye sababu zilizopangwa, kwa sababu mtu mwenye mamlaka ukimwendea hivyo unampa nafasi ya kuwa mwema. Na kwa mfano, nikamrudia rais.

“Huyo niliyewasimulia alikuwa na mamlaka kuliko madam wako,” nilisema, “na hakuna aliyemlazimisha. Aliandika mwenyewe kwamba watu wake waachwe.”

Mganda alinitazama akasema Profesa hajawahi kulala nyumba ya mwajiri. Mwenzake akasema, “Basi niandikie hiyo barua, kaka. Iandike vizuri.”

Akapanda gari la dereva wetu, akarudi Umm Salal.

Barua niliiandika Jumamosi kwa kompyuta ya ofisi, wakati wenzangu wamekwenda kula. Nilitumia saa moja na nusu. Ilikuwa na aya tano na kila aya nilikuwa nimeipa namba. Dereva alimpelekea ikiwa katika bahasha, na Jumapili asubuhi yeye mwenyewe akamkabidhi madam mkononi.

Jumatano mudiri aliniita. Alikuwa mtu mpole asiyepandisha sauti. Barua ilikuwa mbele yake. Aliuliza kama naijua. Nikasema hapana. Akaitazama tena, akapitisha kidole kwenye namba za aya, moja hadi tano. Katika ofisi nzima hakuna mwingine aliyeandika barua zenye namba za aya, naye alikuwa amenitania mara nyingi kwa sababu hiyo. Hakunibana. Alisema tu kwamba madam amekasirika, kwamba mfanyakazi amenyang'anywa simu na hatatoka tena Ijumaa, na kwamba pasipoti yake iletwe ikae katika sefu ya mudiri badala ya kabatini.

Nilikwenda kuitoa. Ilikuwa droo ya pili, na nilimaliza ndani ya nusu dakika niliyoizoea. Naweza kusema kwa uhakika kile nilichokifikiria nikitembea kwenye korido: nilifikiria kwamba mudiri ameamua kutonifukuza. Kuhusu mtoto wa Bungoma sikufikiria lolote mpaka niliporudi kwenye kiti changu.

Ijumaa iliyofuata nilikuwa na deni la jibu, na safari hii nililitoa lote, nikisoma kutoka daftarini ili nisipunguze.

Niliwaambia kwamba ndiyo, kuna aliyetoroka. Alikuwa msichana aliyemhudumia mke wa rais, fundi wa sindano, naye aliishi nao katika jiji lililokuwa makao ya serikali. Sheria ya jimbo lile ilimpa uhuru mtumwa aliyeletwa na akakaa miezi sita mfululizo, kwa hiyo rais alipanga watumishi wake wavushwe mpaka wa jimbo kabla ya miezi kutimia, kisha warudishwe, hesabu ianze upya. Aliagiza hilo lifanyike bila wenyewe kujua sababu. Siku moja, familia ikiwa mezani inakula, msichana yule alitoka akapanda meli kwenda kaskazini, kwa kuwa alisikia kwamba yeye atatolewa kama zawadi kwa mjukuu wa mke wa rais. Rais alituma watu wamrudishe. Wakati huohuo alikuwa mkuu wa nchi, na mihula yake miwili niliyoisifu ilikuwa inaelekea ukingoni.

Kisha nikafika kwenye sehemu ambayo hasa ndiyo niliyoiruka. Msichana yule, alipopatikana, alituma maneno kwa heshima: yuko tayari kurudi na kutumika, mradi aahidiwe kwamba rais na mkewe wakishafariki atakuwa huru. Rais alikataa. Alijibu kwamba kufanya mapatano ya namna hiyo hakufai, kwa sababu kungewafunza wengine waliobaki. Msichana hakurudi, na wosia haukumgusa kamwe, kwa sababu kisheria alihesabiwa katika urithi wa mume wa kwanza wa mke wa rais. Zaidi ya nusu ya watumwa wa shamba lile walikuwa katika hali hiyo. Hata wale ambao wosia uliwahusu, aliagiza wasubiri mpaka mkewe afe.

Niliongeza maoni yangu, kwa kuwa kanuni ziliruhusu. Nilisema wosia ule bado ni jambo kubwa, kwani wenzake wengi waliofuata katika kiti kile walikufa bila kuandika lolote la aina hiyo. Lakini alitoa alichokuwa hakihitaji tena. Alipoombwa akiwa hai, akiwa anakihitaji, na kuombwa kwa adabu aliyojifunza kunakili tangu utotoni, alikataa.

Hakuna aliyecheka siku hiyo. Dereva wa Thika alikuwa anachezea funguo zake. Mganda alikuwa amekaa mwisho wa boksi, peke yake, maana mwenzake hakuwepo.

“Mwalimu,” alisema. Kabla ya hapo alikuwa ananiita Profesa kama wengine. “Hayo umeyajua lini?”

Ningeweza kusema wiki hii. Daftari lilikuwa mkononi mwangu wala hakuna ambaye angeliomba. Lakini tarehe ilikuwa juu ya ukurasa, kwa mwandiko wangu, na macho yangu yalikuwa juu yake.

“Ni miaka mitatu sasa.”

“Kwa hiyo alipokuuliza ulikuwa unajua.”

“Nilikuwa najua.”

“Alikuuliza kwa sababu alikuwa anataka kuamua, wewe. Angejua kuna mtu aliomba vizuri akanyimwa, angelala kwangu siku ile. Mimi nilikuwa nimeshatandika na godoro.”

Mtu mmoja mzee kuliko sisi wote, mlinzi wa benki, alipendekeza tufunge kwa sala, na tukafunga. Kikundi kilikutana mara mbili zaidi, kisha watu wakawa na shughuli nyingine. Sikuwauliza ni zipi.

Mganda alizunguka kutafuta msaada wiki kadhaa, na kila alikokwenda aliambiwa kwamba mwenye shida aje mwenyewe, jambo ambalo halikuwezekana tena. Baada ya Pasaka nilikutana naye kwenye foleni ya kutuma pesa. Hakunisalimu, lakini alinipa habari, kama mtu anayerudisha chombo. Harusi ilifanyika. Watu wa upande wa baba walikuja na gari siku ya pili asubuhi, wakamchukua mtoto na begi la shule. Mama alielezwa kwa simu ya jirani, akiwa uani anaanika nguo.

Kuna watu watakaosema kwamba hata angekwenda ubalozini Jumapili ile huenda asingefika kwa wakati. Nimelipima jambo hilo mara nyingi, kwa kalamu na karatasi, nikihesabu siku za ripoti, za kibali, za tiketi. Wakati mwingine napata kwamba angefika na siku kumi za ziada, wakati mwingine kwamba angechelewa kwa wiki. Hesabu hiyo hainipunguzii kitu. Uamuzi ulikuwa wake, na mimi nilimnyima sehemu moja ya habari aliyoiomba waziwazi, mbele ya watu kumi, chini ya kanuni niliyoiandika mwenyewe ili mambo kama hayo yasitokee.

Aliondoka mwezi wa Septemba, madam alipopata mfanyakazi mwingine. Mudiri alinituma uwanja wa ndege na pasipoti, tiketi, na bahasha ya mshahara wake wa mwisho. Nilimkuta karibu na mlango, ameketi juu ya sanduku lake, amekonda. Aliniita kaka kama zamani. Alifungua bahasha akahesabu noti, akarudia.

“Hii imepungua.”

Nilimweleza. Mkataba ulisema anayemaliza miaka miwili hununuliwa tiketi na mwajiri, na anayeacha kazi kwa ombi lake hujilipia. Katika barua ile, aya ya tano, niliandika kwamba anaomba kuondoka kwa hiari yake mwenyewe. Niliona maneno hayo yana adabu zaidi kuliko kusema mkataba umekwisha. Mudiri aliyapigia mstari, na tiketi ikakatwa kwenye mshahara.

“Maneno hayo ni yako,” alisema.

“Ndiyo. Ni yangu.”

Nilikuwa na riali mia saba mfukoni. Nilingoja aniombe, na hakuomba. Alikunja bahasha, akauliza ni foleni gani ya Nairobi, nikamwonyesha. Alinipa mkono kwa heshima ileile ya siku zote, akavuta sanduku lake akaenda.

Nilirudi ofisini kabla ya saa tisa kwa sababu ukurasa wa siku katika kitabu cha hesabu ulikuwa haujafungwa. Kazi yangu ilikuwa kuandika katika safu ya mwisho kiasi ambacho kampuni haikulazimika kulipa. Nikaandika, kwa mwandiko safi: tiketi moja, Doha hadi Nairobi, kwenda tu, imeokolewa, riali 1,430.